Siku moja maishani mwangu: afisa elimu kata, Kibosho, mlimani Kilimanjaro

Saa 12:00 asubuhi. Ukungu umelalia migomba na pikipiki inagoma kuwaka. Huku juu Julai si mwezi wa kuchezea. Bila koti zito hufiki.

Saa 1:40. Picha za daftari la mahudhurio zinamiminika kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu. Zinasaidia: mwalimu akikosekana, kipindi chake kinapata mtu mapema. Ila saini siyo somo. Mtu anasaini saa 1:10, anashinda ofisini na rundo la madaftari, darasa linapiga kelele. Picha hailioni hilo, ndiyo maana bado napanda mlima.

Saa 3:00. Darasa la Tatu, Hisabati, somo la sehemu. Nimekaa dawati la nyuma, magoti yananigusa kidevu. Kishikwambi ni cha Madam, mwalimu wa somo, mwenyewe, katika vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Tumepatana: narekodi, lakini video inabaki kwake. Bila makubaliano hayo, mwalimu atakufundishia kamera, watoto wataambulia maigizo.

Madam anakata ndizi mbivu vipande vinne, anainua kimoja. "Hii ni nini?" "Robo!" Darasa zima. Andalio lake la somo limenyooka, sina neno.

Saa 4:30, chai na mihogo. Tunaangalia video, yeye ndiye ameshika kishikwambi. Simwambii kitu. Dakika ya saba anaisimamisha, anairudisha nyuma. "Afisa, mbona nauliza dirishani tu?" Kweli, maswali karibu yote yameenda kwa watoto wale wale wa upande wa dirisha. Kule ukutani kuna kijana kakunja mikono kipindi kizima. Ningelisema mimi, ingekuwa lawama ya mkubwa. Kaliona mwenyewe, na tayari anapanga kuandika majina kwenye vikaratasi aokote bila kuchagua.

Saa 6:00. Shule ya pili. Choo, uji, mwalimu mkuu yuko wilayani. Naendelea.

Saa 8:00. Walimu wamekaa kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Wakati mwingine kikao hiki hugeuka kusomeana moduli kwenye skrini hadi watu wasinzie. Leo Madam kaja na kipande cha video yake, kwa hiari yake, na ubishi umekuwa mtamu: je, asiyenyoosha mkono aulizwe au aachwe?

Saa 11:00. Nyumbani, PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Tangu ilipochukua nafasi ya OPRAS ya makaratasi, kazi na utekelezaji wake vinajazwa humo, msimamizi anathibitisha. Napenda kwamba mwalimu haandiki tena mwaka mzima kwa usiku mmoja wa Juni. Sipendi kwamba ndizi ya leo inaingia kama "ufuatiliaji wa ufundishaji", basi. Na mtandao wa mlimani unataka usimame karibu na tangi la maji.

Bando? Natoa mfukoni.