Dakika Isiyo ya Saa: Nilivyoielewa Darubini ya Bunduki

Mimi ni mtoto wa Bombo, lakini riziki yangu iko upande wa Sanga, karibu na Ziwa Mburo, hapa Uganda. Natunza bunduki za wageni wanaokuja kuwinda kwa leseni katika mashamba ya mifugo yanayopakana na hifadhi, ambako uwindaji wa aina hiyo ulianza kwa majaribio mwaka 2001. Kabla mgeni hajaingia porini, bunduki yake lazima ijaribiwe kwenye karatasi, kwa sababu safari inaweza kuisogeza darubini. Kazi hii naichukulia kwa uzito. Nimewahi kufuata damu ya swala pala aliyepigwa vibaya hadi giza likaingia, na sitaki kuyaona tena mambo hayo.

Siku moja nilipewa bunduki yenye darubini ambayo ndani ya kioo chake msalaba ulikuwa na vitone. Vile vitone nilivijua: kutoka kimoja hadi kingine ni mili moja, kipimo cha walenga shabaha, na mili moja kwa mita 100 ni sentimita 10. Nikapiga risasi 3. Zilikaa pamoja vizuri, lakini sentimita 20 chini ya kitovu. Hesabu nikaiona rahisi: mili 2. Nikazungusha kile kifundo cha juu cha kurekebisha shabaha tik 20, yaani hatua 20 zenye mlio, nikiamini kila tik ni sehemu ya kumi ya mili, nikarudi kulala juu ya gunia la mchanga.

Risasi zikapanda, ila hazikufika. Bado sentimita 5 na nusu chini. Nikakaza skrubu za vishikizo. Nikapiga tena, palepale. Nikashuku risasi, nikashuku pumzi yangu, mwisho nikashuku darubini yenyewe. Risasi 9 za mgeni zilikuwa zimekwisha, na kila moja ina bei.

Mlinzi wetu wa usiku ni mzee mstaafu wa jeshi, aliyetumikia mota, ule mzinga mfupi wa kurusha makombora juu, miaka mingi. Alikuwa bado hajaenda kulala.

"Afande, darubini hii mbovu."

"Umesoma kilichoandikwa kwenye kifundo?"

Sikuwa nimesoma. Pale juu pameandikwa ¼ MOA, kifupi cha Kiingereza cha dakika ya pembe.

"Hiyo ni dakika, kijana wangu. Ndani unasoma mili, nje unazungusha dakika. Utafika vipi?"

Nikamwuliza dakika ya nini, maana mimi dakika naijua ya saa tu. Akachora duara mchangani. Duara lina nyuzi (digrii) 360. Kila uzi mmoja hukatwa vipande 60, na kila kipande huitwa dakika. Kwa hiyo duara zima lina dakika 21,600. Ukitazama uso wa saa ya ukutani, kutoka alama moja ndogo hadi inayofuata ni nyuzi 6, yaani dakika 360 za pembe. Majina yamefanana tu. Hilo ndilo lililokuwa limenifunga macho: nilidhani vipimo hivi ni urefu, kama inchi, kumbe ni upana wa pembe inayoanzia jichoni na kuzidi kufunguka kadiri unavyokwenda mbali.

Mili nayo alinionyesha kwa vitendo. Alichukua fito ya mita 1 kamili, akafunga rula ya shule kwenye ncha kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaniambia niegemeze ncha nyingine shavuni chini ya jicho. "Tazama nguzo ile ya ua. Inasimama sentimita 120." Nguzo ilifunika milimita 12 za rula. "Milimita moja kwa mita moja ni mili moja. Gawa." Milimita 1,200 kwa 12 ni 100, basi nguzo iko mita 100. Nikaenda kupima kwa utepe. Alikuwa sahihi, na nakiri mwili ulinisisimka. Dakika moja kwenye rula ile ingekuwa milimita 0.29, huwezi hata kuiona.

Afande aliongeza kwamba duara la mota yao lilikatwa mili 6,000, na majeshi ya Magharibi hukata 6,400. Mili ya kweli inayotokana na radiani, kipimo cha pembe cha wanahisabati, ni kama 6,283 kwa duara. Kwa mwindaji tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mpiga mota si ndogo hata kidogo.

Tukarudi kwenye hesabu yangu. Dakika moja kwa mita 100 ni sentimita 2.9. Wengi husema inchi moja, lakini hiyo ni kwa yadi 100, na yadi ni fupi kuliko mita. Robo ya dakika basi ni milimita 7 na kitu. Tik zangu 20 zilipandisha sentimita 14 na nusu tu. Mili moja ni dakika 3.44, kwa hiyo mili 2 zilihitaji tik 27 au 28.

Nikaongeza tik 8, nikapiga moja. Tundu likatoboka milimita chache juu ya kitovu, na Afande akaenda kulala.

Kuna jambo jingine nililoligundua baadaye, na naliona muhimu kuliko hesabu zote. Kwenye darubini nyingi zinazovuta karibu na mbali, vile vitone huwa mili kamili katika ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa mwisho. Ukipunguza ukuzaji kwa nusu, nafasi ileile ya vitone hufunika mili 2. Msalaba unabaki na ukubwa uleule machoni, mnyama ndiye anayepungua. Sasa mgeni akifika, kabla sijagusa risasi nasoma maandishi ya vifundo vyote viwili, cha juu na cha pembeni, nauliza vitone ni vya ukuzaji upi, kisha naandika kwa kalamu ya wino kwenye plasta nyeupe na kuibandika kitakoni: "Ndani mili, nje dakika. Mili 1 = tik 14."