Kimalay cha Msafiri Huanza kwa Kujua Kuita Watu

Msafiri anayezungumza Kiswahili hufika Malaysia akiwa ameshabeba sehemu ya Kimalay bila kujua. Watu huulizana "Apa khabar?" na kujibu "Khabar baik", na hiyo khabar imetoka katika neno lile lile la Kiarabu lililotupa habari. Adab ni adabu, rezeki ni riziki, sabun ni sabuni, ilhali meja na bendera yametokana na Kireno, kama yetu. Herufi c husomwa "ch", na e mara nyingi hufifia, hata selamat ikasikika "slamat".

Hata hivyo, baada ya wiki tatu nilizokaa Melaka, naamini kwamba linalomfungulia mgeni milango ni namna anavyowaita watu, kuliko misemo yote atakayoikariri. Kumwambia mtu aliyekuzidi umri awak, yaani "wewe", ni kumkosea heshima. Mwanamke wa rika la mama yako ni Makcik, mwanamume wa rika la baba yako ni Pakcik, kijana wa kiume aliyekuzidi umri kidogo ni Abang, na dada mkubwa ni Kakak. Hili la mwisho linahitaji uangalifu, kwa sababu k ya mwisho humezwa kooni na sikio letu husikia "kaka", kumbe anayeitwa ni mwanamke. Nilimwita hivyo kijana wa kiume aliyekuwa akitutengenezea teh tarik, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kopo moja hadi jingine mpaka itoe povu. Alisita, kopo likiwa juu mkononi, kisha akanirekebisha kwa upole: "Abang."

Maneno mengine hushikika upesi: terima kasih ni asante na jibu lake ni sama-sama, maaf ni samahani, tolong ni kuomba msaada, na berapa ni kuuliza bei. Ukitajiwa "dua ringgit", dua ni mbili, na ringgit ni fedha ya Malaysia.

Viatu huvuliwa kabla ya kuingia nyumbani, na mkono wa kulia ndio wa kupokea, kutoa na kulia chakula. Kuelekeza kitu hufanywa kwa kidole gumba juu ya ngumi, kwani kumnyooshea mtu kidole cha shahada ni utovu wa adabu. Mwanamume asimtangulizie mwanamke mkono. Kuweka kiganja kifuani kunatosha. Ukipita mbele ya wazee waliokaa, inama kidogo, tanguliza mkono wa kulia ukielekea chini, useme "tumpang lalu", naomba kupita. Ukikaribishwa chakula nawe umeshiba, onja japo kidogo, au gusa sahani kwa vidole vya mkono wa kulia, na mwenyeji ataridhika.

Wakati wa kuagana, anayeondoka husema "selamat tinggal", yaani baki salama, na anayebaki hujibu "selamat jalan", safari njema. Makcik mwenye nyumba niliyopanga alinijibu hivyo akiwa kizingitini, nami nikiinama kuvaa viatu.