Tulivyowaingiza watu mia tatu ukumbini bila foleni ndefu, na tukamaliza kwa wakati

Nilipopewa uenyekiti wa kamati ya maandalizi ya kongamano la chama chetu, ushauri ulimiminika kutoka kila upande. Karibu wote ulikuwa mmoja: tafuta mshereheshaji mchangamfu, pamba jukwaa lipendeze, mengine yatajipa. Nasema wazi kwamba ushauri huo ni mbovu, na uliniudhi zaidi kwa sababu waliokuwa wakiutoa wamewahi kuandaa shughuli kubwa na wanajua fika jinsi zilivyochelewa. Shughuli haiharibikii jukwaani. Huharibikia mlangoni, kwenye nyaya, na kwenye zile dakika ambapo mmoja anashuka jukwaani na anayefuata bado anatafutwa. Sisi tulipokea watu wapatao mia tatu kwa siku nzima, tukaanza saa iliyoandikwa kwenye mwaliko na kumaliza saa iliyoandikwa, na hilo najivunia kuliko sifa zote tulizopewa kwa ajili ya mapambo.

Nianze na mlango, maana hapo ndipo nilipopigana vita kali zaidi.

Tulikuwa na semina ndogo iliyotangulia kongamano, na mkubwa mmoja ndani ya kamati alishikilia kwamba mapokezi yapangwe kwa herufi za majina, kama ilivyo desturi yake miaka yote. Zikawekwa meza tano, kila moja na kundi lake la herufi. Kufikia saa ya kuanza, meza moja ilikuwa na msururu unaotoka nje ya geti, na meza ya jirani mhudumu wake amekaa anaangalia simu. Majina hayajagawanyika sawa kwenye alfabeti. Kuna herufi zinazobeba nusu ya watu na nyingine hazina mtu. Mbaya zaidi, kila msururu ulipata mtu wake mwenye tatizo: huyu jina halimo, yule malipo yake hayaonekani, mwingine katumwa amwakilishe bosi ambaye hakutoa taarifa. Mhudumu anafungua faili, anampigia simu mhasibu, mhasibu hapokei. Nyuma wamesimama watu ishirini wasio na tatizo lolote, wanatazama saa. Wengine wakahamia msururu wa jirani, wakafika mbele, wakaambiwa herufi yao haipo hapo, rudi ulikotoka. Nilimwona mama mmoja mtu mzima akirudishwa hivyo na nikaapa kwamba kwenye kongamano lenyewe herufi hazitatumika.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Kwenye shughuli yoyote ya watu mia tatu, wengi hufika nusu saa ya mwisho. Tuseme mia mbili. Mtu mmoja akihudumiwa kwa dakika moja, meza moja inamaliza watu thelathini kwa nusu saa, na meza tano watu mia na hamsini. Hamsini watabaki nje hata kama kila kitu kitakwenda sawa, na hakiendi sawa. Ila ukishusha muda huo hadi sekunde ishirini, meza moja inamaliza watu tisini, na meza tatu zinatosha na kubaki. Kwa hiyo dawa si kuongeza meza. Dawa ni kupunguza sekunde.

Hesabu za foleni zina mizizi yake kwenye simu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya msongamano wa simu mwaka 1909. Jambo ambalo hesabu hizo zinaonyesha, na ambalo wanakamati wengi hawataki kuliamini, ni kwamba foleni haikui polepole. Wanaofika wakikaribia tu uwezo wa wahudumu, kusubiri kunapanda ghafla, na ukichelewa kuchukua hatua hapo hushiki tena. Zinaonyesha pia kwamba foleni moja inayolisha meza zote inakwenda kwa utulivu kuliko foleni nyingi zilizotengana, kwa sababu hakuna meza inayokaa bure wakati mtu anasubiri.

Basi tulifanya hivi. Kila beji ilipewa namba. Jioni ya kuamkia kongamano kila mshiriki alipata ujumbe wa simu wenye namba yake na sentensi moja tu: onyesha namba hii mlangoni. Beji zikatundikwa kwenye ubao mpana nyuma ya meza, zikifuatana kwa namba, na kila meza ikapewa kijana wa kuchomoa. Unafika, unaonyesha simu, kijana anageuka, anachomoa, unavaa, unaingia. Kwa waliosahau simu au kufuta ujumbe, mabinti wawili walitembea kando ya foleni na orodha iliyochapishwa, wakatafuta jina na kumwandikia mtu namba yake kwenye kikaratasi kabla hajafika mbele. Nasisitiza: iliyochapishwa. Aliyeniambia orodha ikae mtandaoni tu hajawahi kuona intaneti inavyozidiwa watu wote wanapoingia jengo moja kwa pamoja.

Na pembeni kabisa, mahali pasipoonekana kutoka kwenye foleni, tuliweka meza ya mashauri. Yeyote mwenye tatizo alipelekwa huko kwa heshima, akapewa kiti, akahudumiwa na mhasibu mwenyewe. Tatizo lake liliisha bila kumgusa aliye nyuma yake. Meza hiyo moja ndiyo iliyookoa asubuhi yetu.

Wapo walionung'unika kwamba natumia fedha na watu wengi mlangoni badala ya jukwaani. Nikawakumbusha tamasha la muziki la Woodstock la mwaka 1969 kule Marekani: muda uliwaishia waandaaji, jukwaa likapewa kipaumbele, uzio na vibanda vya tiketi havikukamilika, watu wakafurika na tamasha likageuka la bure. Sisi hatuna watu laki nne, lakini kanuni ya mlango ni ileile.

Kuhusu ratiba, kuna uongo mmoja ambao karibu kila kamati huuchapisha kwenye karatasi nzuri: kipengele cha kwanza kinaisha saa fulani, cha pili kinaanza saa ileile. Haiwezekani. Mtu ashuke, mwingine apande, maikrofoni ishushwe, kompyuta ibadilishwe, watu wapige makofi. Ukiwa na vipengele kumi na viwili na kila mpito ukala dakika nne, umepoteza dakika arobaini na nne ambazo hakuna aliyeziandika popote, halafu tunamlaumu mgeni rasmi kwamba kaongea sana.

Nilitengeneza ratiba mbili. Ya wageni ilikuwa fupi: saa ya kuanza, mapumziko, chakula, saa ya kumaliza, na majina ya wazungumzaji bila dakika zao. Ya kamati ilikuwa ndefu, dakika kwa dakika, na kila mstari ulikuwa na jina la anayehusika na jina la atakayeshika nafasi yake akikosekana. Faida ya kuzitenganisha ni kubwa mno. Mzungumzaji wa asubuhi alipokwama njiani, tulimtanguliza wa pili, na ukumbini hakuna aliyejua kwamba kitu kimehama, kwa sababu karatasi mikononi mwao haikuahidi dakika yoyote. Mshereheshaji hakuomba radhi, kwani hapakuwa na la kuombea radhi.

Mipito nayo tuliikata. Viti viwili vya mstari wa mbele viliachwa wazi kwa ajili ya wanaofuata. Ukifika mstari wako wa ratiba, umeshakaa hapo. Mada zote ziliwekwa kwenye kompyuta moja tangu jana yake na kupitishwa ukurasa kwa ukurasa kwenye projekta ya ukumbi ule ule. Hili watu hulidharau. Mada iliyoandaliwa kwa umbo la zamani la 4:3, lililokaribia mraba, ikirushwa kwenye skrini pana ya 16:9 hubaki na weusi pembeni au hunyooshwa sura za watu zikapanuka, na maandishi ya fonti isiyokuwemo kwenye kompyuta nyingine huvurugika. Atakayekuletea mada kwenye flashi dakika kumi kabla, mkatalie kwa upole. Mimi niliwakatalia wote, akiwemo mtu ninayemheshimu sana, naye akazungumza bila picha, vizuri tu.

Mtunza muda alikaa katikati ya mstari wa mbele, usawa wa macho ya mzungumzaji, na kadi tatu kubwa: dakika tano, dakika mbili, na mwisho. Kadi peke yake haitoshi. Tulikubaliana na kila mzungumzaji mapema, uso kwa uso, kwamba baada ya kadi ya mwisho mshereheshaji atapanda na kusimama kando yake akitabasamu, bila kusema neno. Hakuna binadamu anayeendelea kusoma hotuba huku mtu kasimama pembeni anamtabasamia. Ilifanya kazi kwa kila mmoja, na kwa sababu walishajua, hakuna aliyeona amevunjiwa heshima.

Wauzaji na mafundi ndio waliotaka kuninyima usingizi. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia ya binadamu kukadiria muda mfupi mno kwa kazi yake, hata akiwa anajua kwamba kazi za aina hiyo zilichukua muda mrefu zaidi huko nyuma. Tangu nilifahamu hilo, sijawahi tena kumwuliza mtu "Utamaliza lini?" Jibu lake ni matumaini. Nilimwuliza mchapaji wa mabango: "Kazi kama hii mara ya mwisho ilikuchukua siku ngapi, tangu ulipopewa hadi mteja alipobeba?" Alifikiri, akataja muda ambao ulikuwa karibu mara mbili ya ule alioniahidi dakika chache kabla. Nikapanga kwa muda huo wa pili. Mabango yalifika siku niliyoitarajia mimi, si aliyoahidi yeye. Na malipo ya mwisho sikuyatoa kwa yeyote kabla mzigo haujawa mkononi. Bei niliacha wapandishe kidogo, lakini hilo sikulegeza.

Ukumbi tuliukagua mara kadhaa, na hapa pia ushauri wa mtaani ulikuwa hovyo. "Ukumbi una baridi nzuri," waliniambia, baada ya kuuona mtupu asubuhi. Mtu mzima aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100. Watu mia tatu ni kilowati 30, sawa na kuwasha hita thelathini za wati 1,000 kila moja na kufunga milango. Kwa hiyo mitambo ya kupooza hewa iliwashwa muda wa saa mbili kabla mtu wa kwanza hajaingia, tukaanza na baridi ya kukereka kidogo, na kufikia katikati ya asubuhi hali ilikuwa safi.

Sauti nayo hubadilika ukumbi ukijaa, kwa sababu miili na nguo hufyonza mwangwi; kinachosikika kikali mtupu huwa cha wastani watu wakikaa. Ukumbi wetu ni mrefu, ukawa na spika za ziada nyuma, na hapo fundi wetu alinionyesha jambo ambalo sikulitegemea. Umeme hufika spika za nyuma papo hapo, lakini sauti ya spika za mbele husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 34 kutoka jukwaani anasikia neno kwanza kutoka spika ya karibu, kisha lilelile tena baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Fundi alichelewesha spika za nyuma kwenye mtambo wake, nikatembea naye safu ya mwisho akihesabu moja hadi kumi, na ghafla maneno yakashikana yakawa mamoja. Betri za maikrofoni zisizo na waya zilibadilishwa zote wakati wa chakula, hata zilizoonyesha bado zina nguvu. Spika zilisimama mbele ya maikrofoni, si nyuma yake, na siku nzima hatukusikia ule mlio wa kupasua masikio.

Jambo moja sikukubali mjadala. Wapambaji walirundika viti vya akiba mbele ya mlango wa nyuma, kwa kuwa "haupiti mtu". Novemba 1942, klabu ya usiku iitwayo Cocoanut Grove mjini Boston iliungua na watu 492 wakafa. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa msukumano, na milango mingine ilikuwa imefungwa au inafunguka kuelekea ndani. Niliwaambia viti vitoke kwanza, mapambo baadaye. Kisha nikaufungua na kuufunga kila mlango kwa mkono wangu, nikaweka kijana mmoja kwa kila mlango ambaye kazi yake siku nzima ilikuwa kuhakikisha uko wazi. Walioona nimezidisha na waone hivyo.

Tulipomaliza, wasaidizi wote walikaa kwenye duara ukumbini humohumo kabla ya kutawanyika, kila mmoja akataja kilichomsumbua, katibu akaandika. Ukisubiri wiki ijayo watu watakumbuka picha tu. Faili nimeshalikabidhi kwa kamati inayofuata: ratiba ya dakika kwa dakika, mchoro wa meza na ule ubao wa beji, muda halisi aliotumia kila fundi, na kwenye ukurasa wa kwanza idadi ya watu walioingia kila robo saa tangu milango ilipofunguliwa, ili wapange meza zao kwa namba hizo.