Keki ya chokoleti na chungwa: harufu iko kwenye ganda

Keki nyingi za chungwa hazinukii chungwa kwa sababu mpishi ametegemea juisi. Juisi huleta uchachu na utamu kidogo tu. Harufu yenyewe imo kwenye mafuta ya ngozi ya nje ya ganda, na ukishatia kakao, juisi peke yake haisikiki kabisa. Kwa hiyo nunua machungwa ambayo hayajamenywa. Yale ya mkokoteni yameshavuliwa ngozi hiyohiyo unayoitaka. Rangi isikutie shaka: machungwa ya Muheza huiva yakiwa bado ya kijani, maana joto la huku pwani haliiondoi rangi hiyo.

Pima kwa mizani, vikombe hudanganya: siagi isiyo na chumvi gramu 200, sukari 200, unga wa ngano 160, kakao 40, mayai 4, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo, na machungwa 2. Kakao iwe ya kupikia, si ile ya kinywaji yenye sukari.

Osha machungwa, yafute, kisha kwangua ganda kwa upande wa greta wenye matundu madogo. Ukiona weupe, geuza chungwa. Weupe ni mchungu. Changanya ulichokwangua na sukari, usugue kwa vidole mpaka sukari ilowe kidogo na vidole vinukie. Hatua hii usiiruke, kwani chembe za sukari ndizo zinazoyatoa mafuta. Pembeni, koroga kakao na maji ya moto vijiko 4 vya chakula iwe uji mzito, uache upoe.

Sasa siagi, na hapa joto la Dar ndilo linaloharibu keki za wengi. Vitabu husema iache siagi nje mpaka ilainike. Huku kwetu ukiisahau mezani inageuka mafuta, na mafuta hayashiki hewa, hivyo keki inatoka nzito. Itoe kwenye friji, ikate vipande, ngoja dakika 10. Ukiibonyeza ibaki na alama ya kidole bila kung'aa. Ipige na sukari dakika 5 hivi, mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Ikianza kung'aa, rudisha bakuli kwenye friji kidogo. Majarini huvumilia joto zaidi, ila ladha yake haifikii siagi.

Tia yai moja moja huku ukipiga. Mchanganyiko ukikatika, yaani ukitengana kama maziwa yaliyoharibika, ongeza kijiko cha unga. Tia uji wa kakao, kisha unga uliochekechwa na bekingi pauda na chumvi, pamoja na juisi vijiko 2 vya chakula. Geuza kwa mwiko, uache mara unga unapopotea. Ukiendelea kukoroga keki itakuwa ngumu. Usiiweke mezani ikisubiri, bekingi pauda imeshaanza kazi.

Gawa kwenye vyombo 2 vya sentimita 20 vilivyowekwa karatasi. Oka kwa nyuzi 180, dakika 22 hadi 25, katika oveni iliyokwisha kupata moto. Usifungue mlango kabla ya dakika 20, keki itadidimia katikati. Umeme ukikatika, acha mlango umefungwa. Kama keki imeshashika, joto lililobaki huweza kuimalizia. Kwa jiko la mkaa, weka moto mdogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Keki ikipasuka juu, moto ulikuwa mkali. Kijiti cha mshikaki kikitoka kikavu, imeiva.

Ikiwa bado ya moto, itoboe kwa kijiti hicho, uinyunyizie sharubati ya juisi mililita 50 na sukari gramu 50 iliyochemshwa dakika 2. Aisingi ya siagi huteremka kwa joto hili, kwa hiyo bora chokoleti nyeusi gramu 100 iliyoyeyushwa juu ya mvuke na siagi gramu 30, uimwage juu keki ikishapoa kabisa. Bakuli la chokoleti lisiingie hata tone la maji, itaganda kwa mabonge.

Ifunike vizuri, isiingie sisimizi. Nje ya friji hukaa siku 2, friji huikausha.