Koo lililogeuka tumbo: nilivyomaliza tasnifu ya matundu ya mnyoo

Naandika haya kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea karibu miezi minne. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili huku nikifundisha tuisheni ya fizikia Kimara, na mada yangu ilikuwa matundu ya mnyoo, zile njia za mkato katika anga-wakati, ndani ya nadharia za mvutano zilizorekebishwa, yaani zile zinazobadilisha milinganyo ya Einstein. Aliyenitangulia kwenye mada hiyo aliniambia: "Mdogo wangu, chagua umbo la koo, chagua F, hakikisha jibu ni chanya pale kooni, andika, umemaliza." Nikamwamini. (Koo ni pale tundu lilipo jembamba kuliko kote; F na hilo jibu nitavieleza hapa chini.)

Kwa Einstein mambo yako wazi. Tangu Morris na Thorne waandike mwaka 1988, inajulikana kwamba koo la tundu linalopitika halibaki wazi kwa maada ya kawaida. Ukijumlisha densiti ya nishati na kanieneo kinachoelekea kooni, unapata hasi; maada ya namna hiyo ndiyo inayoitwa maada ya ajabu. Kwenye nadharia za f(R), mpindo wa anga-wakati, R, ulio kwenye nadharia ya Einstein unaachia nafasi kwa fomula f ya mpindo huo, na F ni kasi ya f kubadilika kadiri R inavyobadilika. Lobo na Oliveira walionyesha mwaka 2009 kwamba humo mpindo wenyewe unaweza kuubeba mzigo wa kulishikilia koo, maada ikabaki ya kawaida. Hapo ndipo nilipopenda.

Nikachukua umbo jepesi, b = r0²/r, na F = (r0/r) kwa kipeo n. Hapo b ni fomula ya umbo la tundu, r ni nusu kipenyo cha tundu pale ulipo, na r0 ni nusu kipenyo cha kooni. Hesabu ya kooni niliimalizia ndani ya mwendokasi wa asubuhi kwenda Kivukoni, nimesimama, daftari nimelibana kwenye nguzo na peni mkononi. Ile jumla ya densiti na kanieneo ikatoka sawia na n − 2. Yaani n ikizidi 2, jibu ni chanya! Nilipitiliza kituo changu kwa furaha.

Wiki mbili baadaye nikafanya kile ambacho yule aliyenitangulia hakukitaja: nikatoka kooni kidogo. Kwenye jumla ile kuna kipande chenye kasi ya kasi ya F, ambacho pale kooni ni sifuri kamili, kwa hiyo hukioni. Ukitoka nje tu kinaamka. Kwa n = 3, chanya inaishia asilimia 4 nje ya koo. Kwa n = 4 inafika karibu asilimia 5. Nikasema basi tuongeze: n = 5 ikatoa jibu lile lile la n = 4, bila tofauti yoyote. n = 10 ikarudi chini, asilimia 3.6. Koo likiwa na nusu kipenyo cha mita 100, ushindi wangu wote ulikuwa unaishia mita 5. Nikabadili umbo, nikaweka b = √(r0·r): asilimia 5 tena. Usiku mwingi uliishia humo, na bando sikuhesabu, lakini elfu hamsini ilipita. (Tumia Maxima, programu ya kukokotoa aljebra; ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Mimi nilichelewa kuijua.)

Kilichonitoa ni makala ya Bronnikov na Starobinsky ya mwaka 2007. Wanatumia mbinu hii: pima kila urefu kwa rula mpya, yaani uuzidishe kwa kipeuo cha pili cha F. Kama F ni chanya kila mahali, nadharia yako inarudi kuwa ya Einstein pamoja na uga skala wa kawaida (uga wenye namba moja tu kila mahali, kama halijoto), na huko koo bila maada ya ajabu halipo.

Nilikuwa kwa mama Mbagala siku hiyo, umeme umekatika, nachorea taa ya kuchaji. Kwa n = 4, nusu kipenyo kwa rula mpya ni r0²/r. Nikachora mkunjo, nikachora na kivuli chake upande wa pili. Mama alikuja kuchota maji, akainamia karatasi. "Mwanangu, mtungi gani huu hauna shingo? Ni tumbo tupu."

Nikaangalia. Pale nilipoita koo ndipo palipokuwa panene kuliko kote. Nikarudi kwenye hesabu zangu: sharti la n kuzidi 2, lile lililonipitilizisha kituo, ndilo sharti lile lile la koo kugeuka tumbo. Halafu likaja la pili. Mbali huko F lazima itulie kwenye namba chanya, la sivyo mvutano haufanani na wetu, kwa hiyo mtungi utapanuka tena. Basi kati ya tumbo na upana wa mbali lazima pawe na shingo, na hapo maada inadai kuwa hasi. Sikuwa nimeiondoa maada ya ajabu. Nilikuwa nimeisogeza tu. Ukitaka kukwepa, uiache F ivuke sifuri, na ikiwa hasi mvutano wenyewe unageuka alama.

Nilibadili kichwa cha tasnifu, nikaandika kuhusu mahali inapohamia. Kwenye utetezi niliulizwa kinachotokea ukitoka nje ya koo, na safari hii nilikuwa na grafu hadi mara ishirini ya r0. Nilipita.

Kanti, Kleihaus na Kunz, mwaka 2011, walipata koo lisilohitaji maada ya ajabu kwenye nadharia ya Gauss-Bonnet yenye dilatoni, ambayo inaongeza kipande cha mpindo uliozidishwa kwa mpindo, kikiwa kimefungwa na uga skala uitwao dilatoni. Kizuizi cha Bronnikov na Starobinsky hakiwagusi kwa sababu nadharia yao si ya ukoo wa f(R). Nimeanza kuikokotoa kwa mkono, nipo ukurasa wa tisa wa daftari, na mchoro wa mtungi nimeubandika ndani ya jalada.