Tuimbieni, Lakini Msiseme

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Neno la wiki hii ni Zaburi 137:1-4.

Tumezoea kuisoma zaburi hii tukiwa upande wa wale waliolia kando ya mito ya Babeli. Safari hii nawaomba tuwatazame wale wengine, waliowachukua mateka, waliosema, "Tuimbieni baadhi ya nyimbo za Sayuni." Hawakuzichukia nyimbo, walizipenda! Wasichotaka kusikia ni habari za mji uliobomolewa na jinsi waimbaji wenyewe walivyofikishwa pale.

Nimeisoma nikimkumbuka Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1898. Baba yake, William, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 15, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri Princeton kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1901 wakubwa wa kanisa, wazungu, wakamwondoa. Mchungaji yule akaishia kuzoa majivu ya watu kwa gari la farasi. Paul aliandika ukubwani kwamba hakumsikia baba yake akiilalamikia shida ya miaka ile hata mara moja. Sijui ni wangapi kati yetu tungeendelea kuipenda madhabahu baada ya kutendewa hivyo.

Paul alisomea sheria, lakini sauti yake ya besi ndiyo iliyomfungulia milango. Mwaka 1925, jijini New York, akiwa na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya onyesho zima la nyimbo za Weusi tu, nyingi zikiwa zile za rohoni zilizotungwa utumwani. Ukumbi ulijaa, watu wakashangilia, wakataka nyingine. Miaka ya 1930 akiwa London alijifunza hata Kiswahili chetu hiki.

Kisha akaanza kusema. Mwaka 1946 alikwenda kwa Rais Truman kudai serikali ikomeshe mauaji ya Weusi walionyongwa na makundi ya wazungu. Mwaka 1949, karibu na mji wa Peekskill, jimbo la New York, waliotoka kumsikiliza walipigwa mawe njiani. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti, hakuipata tena hadi 1958. Kumbi zikamkataa, kipato kikaporomoka. Sauti ilikuwa ileile, na nyimbo zilezile. Walipomzuia kuingia Kanada, mwaka 1952 alipanda juu ya lori pale mpakani akaimba, na maelfu wakamsikiliza. Huko Harlem, New York, kanisa la AME Zion, la Kimethodisti la Weusi, lililochungwa na kaka yake Benjamin halikumfungia mlango, na ndiko alikoagwa mwaka 1976.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Aliipenda Urusi ya Kisovieti kwa sababu alisema huko alitendewa kama mtu, na mapenzi hayo yakamfanya anyamaze hadharani juu ya waliofungwa na kuuawa chini ya mtawala wake, Stalin. Yeye aliyewalilia wengi, kuna kilio cha wengine ambacho naye hakukitetea. Linanisumbua hili, maana ndivyo tulivyo nasi: masikio yetu huchagua.

Fikirini dada wa kazi anayeimba kwaya kanisani kwetu. Jumapili anashika ubeti wa pili, kanisa zima linasimama, mwajiri wake anapunga leso kuliko wote. Jumatatu dada yuleyule akiuliza mshahara wake wa miezi iliyopita, anaitwa mwenye kiburi, tena pengine anaombewa "roho ya kutokuridhika" imtoke. Au yule kijana wa vyombo: tunampenda akiwa kwenye kinanda, ila akisimama kwenye kikao kuuliza sadaka ya ujenzi imekwenda wapi, tunasema amepotoka.

Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa "unapiga kelele", na kwamba vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mungu anausikia wimbo wa yule dada, na daftari la mshahara wake analisikia pia.

Kwa hiyo kwenye vikundi vya nyumbani wiki hii, kabla ya kuimba, tusome Yakobo 5:1-6 polepole. Mwenye kudaiwa mshahara wa mtu, asingoje Jumapili. Amlipe, na akae amsikilize atakalosema.