Akapanda, Akaketi Naye

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili nimekuwa na Filipo kwenye ile barabara iteremkayo Gaza. Wengi wetu tunaijua kama habari ya ubatizo, na ndivyo ilivyo. Lakini kazi yangu ni kuwafunza walimu, na kila nikifika aya ya 30 naona darasa. Towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, msomi mwenye chuo chake mkononi, anamsoma Isaya kwa sauti. Filipo anakwenda mbio, anamsikia, anamuuliza: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Na yule mtu mkubwa anajibu bila haya: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?"

Nasi hapa Mombasa tunauliza swali kama hilo, Likoni hadi Kisauni, kila kipindi: "Tumeelewana?" Watoto huitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!" Huitikia hata asiyeuona ubao. Anaitikia kwa adabu, maana nyumbani amefunzwa kuwa mkubwa akiuliza huitikiwa. Mwalimu anafuta ubao, anasonga mbele. Filipo alimuuliza mtu mmoja, kuhusu maneno yaliyokuwa mbele ya macho yake, kisha akamwachia nafasi ya kujibu.

Nafasi hiyo ni adimu. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, alichunguza rekodi za masomo ya sayansi akakuta kwamba mwalimu akishauliza, husubiri sekunde 1 hivi, kisha hujijibu mwenyewe au humpa mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kusema. Sekunde 3 tu! Wengine tumeomba miaka mingi Mungu awafungue watoto wetu akili.

Muhula uliopita nilikaa katika darasa moja Kisauni, nikimtazama mwalimu mwanagenzi akifundisha kujumlisha nusu na theluthi. Darasa lilikuwa limeshaitikia kwamba limeelewa. Akapita katikati ya madawati, akafika kwa msichana aliyekuwa ameandika, kwa mwandiko safi kabisa, 1/2 + 1/3 = 2/5. Kalamu nyekundu anayo mkononi. Akaomba asogezewe nafasi, akaketi.

"Hebu nieleze ulivyofanya."

"Moja na moja mbili. Mbili na tatu tano."

Mtoto huyu hakubahatisha. Ana kanuni yake, na kanuni hiyo imemfaa tangu siku alipoanza kujumlisha. Mwalimu akamchorea chapati mbili zilizo sawa. Akamwambia akate moja nusu, na ya pili vipande vitano, atie rangi viwili. Akakata, akatia rangi, akatazama. Mwalimu kimya. Nami huku nyuma nikijizuia nisiseme neno.

"Hii nusu ndiyo kubwa," akasema. Kisha polepole: "Lakini mwalimu, mimi nimeongeza theluthi. Mbona imepungua?"

Kwa swali hilo mlango ulikuwa umefunguka. Walipozikata chapati zote vipande sita sita, nusu ikawa vitatu, theluthi viwili, na 5/6 aliitaja mwenyewe. Angetiwa alama ya kosa tu, angenakili jibu kutoka ubaoni, na kanuni yake ingebaki vile vile kichwani.

Aya ya 35 inasema Filipo alianza "kwa andiko lilo hilo". Hakumfungulia towashi somo jingine alilolipanga yeye. Alianzia pale mtu alipokwama, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kupanda garini na kuketi naye.

Walimu wenzangu najua mtakavyojibu, na mna haki. Madarasa yamejaa. Tangu mtaala wa umilisi uanze katika gredi za chini mwaka 2019, rekodi za kujaza zimeongezeka, na hakuna awezaye kuketi na kila mtoto ndani ya kipindi kimoja. Ila tazameni alikotoka Filipo: Samaria, kwenye makutano yaliyokuwa yakimsikiliza kwa moyo mmoja. Kutoka kwenye kazi iliyokuwa inafana hivyo, Bwana alimpeleka jangwani kwa mtu mmoja. Mimi huwaambia wanagenzi wachague watoto wawili kabla ya kuingia darasani, wawe katika wale wasionyosha mkono, na wahakikishe kipindi hakiishi kabla ya kuketi nao. Wiki inayofuata, wengine wawili.

Na walimu wa shule ya Jumapili nao wajipime hapa. Watoto wetu wanaikariri Yohana 3:16 vizuri hadi wazazi tunatokwa machozi. Muulize mmoja, peke yake, kupotea ni kupotea vipi, kisha subiri. Nasi tunaosimama mimbarani tukiuliza "Amina?", tukarudishiwa "Amina!", bado hatujajua nani ameelewa.

Wanagenzi wetu wako shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Tuwaombee kila asubuhi juma hili.

Ee Bwana, uliyemwambia Filipo asogee akashikamane na gari lile, wape walimu hawa subira ya kulisikia kosa la mtoto hadi mwisho kabla ya kulisahihisha. Nao watoto uwape ujasiri wa kusema hawajaelewa. Amina.